Mtunza Daftari

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la vipuri na harufu ya oili,
nina daftari la mistari, jalada la kijani,
na kazi yangu ni moja: kukumbuka.

Kovu la Mumbua liko shavu gani.
Wekulo, anayekamata stima kwa viganja,
aliungua kidole gumba cha kushoto filamu ya kwanza,
basi katika ya tatu asihesabie noti kidole hicho.
Watu wa Kariobangi wataona.
Walilipa kiingilio, wana haki ya kuona.

Juzi Gichora mwenye pesa alipanda ngazi akihema,
akatandaza bango mezani, juu ya chai yangu:
mashujaa saba, majoho saba,
jiji linaungua nyuma yao, na tarehe ya uzinduzi.
"Hadithi je?"
"Itakuja. Kwanza ulimwengu."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, Gichora.
Keti.
Ulimwengu hauanzi na saba.
Unaanza na Mumbua peke yake, Kayole,
anayesikia maji yakitembea ndani ya mabomba,
anayejua yanapotelea wapi usiku, na nani anayauza.
Hana joho. Ana leso na spana.
Mpe saa moja na nusu,
atoke jasho, akosee, amnyime dada yake msamaha,
tumzoee kabla hatujamwona akipasua lami.

Halafu mwishoni, stima ipotee.
Mtaa mzima giza, miluzi, mtoto analia.
Usieleze.
Mwaka upite.
Filamu ya pili, tuko ndani ya giza lilelile,
juu ya transfoma ya Umoja,
na Wekulo ananing'inia, meno yameuma koti:
kumbe ni yeye aliyezima,
waya ulikuwa umeangukia bati la mtu.
Hapo ukumbini mmoja atasema "Ala!"
amshike mkono jirani asiyemjua.
Saruji ni hiyo. Bango ni rangi tu.

Na usimsahau Otwoma, fundi viatu.
Yumo katika kila filamu, dakika mbili, pengine moja.
Anashona raba iliyoungua soli, haulizi.
Kesho yake anaanika buti lililojaa maji, haulizi.
Shilingi mia mbili, karibu tena.
Gichora akaruka: "Huyo tumpe nguvu!"
Hapana.
Siku Otwoma akiruka angani
nani atabaki chini tumhofie?

Lipo la Leparan, mlinzi asiyelala.
Alikufa filamu ya nne, getini, Eneo la Viwanda,
na tochi yake ikaendelea kuwaka.
Sasa waandishi wamemfufua.
Ukurasa wa kumi na mbili, anakohoa, anaamka,
eti mashabiki wamelia sana.
Nimekataa kuandika.
Kaka yangu alilinda geti mtaa uleule, miaka tisa.
Tulipoitwa mochari nilibeba sweta lake,
nikidhani labda anasikia baridi.
Leparan nimemwandika kwa wino.
Akitakwa tena, mtafuteni kwa wanaomkumbuka:
Mumbua ainue ile tochi, ibofye, igome kuwaka.
Sekunde nne. Muziki usiwepo.

Gichora hakusema kitu.
Alikunja bango, chai ikamchuruzikia suruali,
akashuka.
Nikafungua dirisha; chini walikuwa wakigonga bampa.

Saa kumi na moja nikasikia ngazi zikilia tena.
Alisimama mlangoni, bango limegeuzwa,
upande mweupe umejaa mwandiko wa penseli,
mishale, duara, jina la Mumbua limepigiwa mstari.
"Yule fundi viatu," akasema,
"sindano huishika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto," nikamjibu,
na daftari lilikuwa limefungwa.